Iambie Kompyuta Lililo Kweli, Kisha Iulize

Hotuba iliyotolewa Mbeya mbele ya wanafunzi na walimu wa kompyuta wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wageni mliotoka Iringa, Njombe na Songwe: mwagonile, kamwene, habari za asubuhi.

Wengi mliomo humu mnaandika programu kwa lugha ya Python. Wengine mnaandika Java, na wale wa tovuti mko na JavaScript usiku na mchana. Sikuja kuwaambia mziache. Nimekuja kuiombea nafasi lugha ambayo mwanafunzi huionja kidogo darasani, akaifanyia mtihani na kuisahau. Lugha hiyo ni Prolog, lugha ya kuandika programu kwa mantiki. Naiombea nafasi kwa sababu tunazo kazi huku kwetu, za ardhi, za sheria ndogo za vijiji, za lugha za wazee wetu, zinazodai programu ambayo mtu asiyejua kompyuta anaweza kusomewa, akaielewa, akaipinga pale ilipokosea, na akaiuliza jibu lake imelitoa wapi.

Tuanze na barabara, maana ndizo zilizotuleta hapa. Tazameni ubaoni:

barabara(iringa, mafinga).
barabara(mafinga, makambako).
barabara(makambako, njombe).
barabara(njombe, songea).
barabara(makambako, uyole).
barabara(uyole, mbeya).
barabara(mbeya, tunduma).
barabara(uyole, tukuyu).
barabara(tukuyu, kyela).

Hizi ni taarifa. Kila mstari unasema jambo moja lililo kweli, kisha unafungwa kwa nukta. Hakuna hata mstari mmoja unaoiamuru kompyuta ifanye kitu. Sasa naongeza kanuni mbili:

njia(A, B) :- barabara(A, B).
njia(A, B) :- barabara(A, K), njia(K, B).

Ile alama ya nukta mbili na kistari isomeni "ikiwa". Mkato usomeni "na". Jina linaloanza kwa herufi kubwa ni kigeu, yaani nafasi inayosubiri kujazwa. Linaloanza kwa herufi ndogo ni jina la kitu halisi. Kwa hiyo kanuni ya pili inasema: kuna njia toka A hadi B ikiwa kuna barabara toka A hadi K, na kuna njia toka K hadi B. Programu imekwisha. Kilichobaki ni kuuliza:

?- njia(iringa, kyela).

Jibu ni kweli. Lakini fuateni mashine ilivyolitafuta, kwa sababu hapo ndipo penye moyo wa lugha hii. Inatoka Iringa, inapita Mafinga, inafika Makambako. Taarifa ya kwanza inayoikuta kuhusu Makambako ni ile ya Njombe, kwa hiyo inaelekea Njombe, inafika Songea, na hapo taarifa zetu zinaishia. Haikati tamaa wala haitoi kosa. Inarudi nyuma hadi mahali pa mwisho ilipokuwa na uchaguzi, yaani Makambako, inafuta yote iliyodhani tangu hapo, kisha inashika barabara ya Uyole. Pale Uyole inajaribu Mbeya na Tunduma, inagonga mwisho tena, inarudi, inachukua Tukuyu na kufika Kyela. Kazi hiyo ya kujaribu, kurudi na kujaribu tena mngeiandika wenyewe kwa mikono katika lugha nyingine. Hapa imo ndani ya lugha.

Na jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha ni hili. Kanuni ile ile, bila kuguswa hata herufi, inajibu swali jingine kabisa:

?- njia(Mji, kyela).

Yaani, nitoke mji gani ili nifike Kyela? Inaanza na Tukuyu, kisha Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole. Sikuandika programu ya kwenda na nyingine ya kurudi. Nilieleza uhusiano uliopo kati ya miji, na uhusiano unaweza kuulizwa kutoka upande wowote. Kinachowezesha hilo ni kuoanisha: mashine inaweka swali lako sambamba na taarifa au kanuni, na kutafuta vigeu vijazwe nini ili viwili hivyo viwe kitu kimoja. Njia ya kuifanya kazi hiyo kwa mashine iliwekwa wazi na John Alan Robinson mwaka 1965, akiwa anatafuta namna ya kompyuta kuthibitisha hoja za kihisabati.

Sasa mniruhusu niseme ubaya wake, kwa sababu mwalimu anayesifu tu anawapotosha. Mwanafunzi makini ataniambia: mwalimu, barabara ya Uyole na Mbeya inakwenda pande zote mbili. Sawa, ongeza taarifa barabara(mbeya, uyole) na uulize tena njia ya Iringa hadi Kyela. Mashine itafika Uyole, itaingia Mbeya, itakwenda Tunduma na kukwama, itarudi Mbeya, itaona kuna barabara ya Uyole, itakwenda Uyole, itaingia Mbeya, na itazunguka hivyo mpaka kumbukumbu iishe. Kyela haitafika kamwe, ingawa kila ulichoandika ni kweli.

Hapo ndipo mnapaswa kumkumbuka Robert Kowalski, aliyefanya kazi Edinburgh na baadaye London. Mwaka 1979 alichapisha makala ambayo kichwa chake ni mlinganyo: algoritimu, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo, ni mantiki ukijumlisha na udhibiti. Mantiki ni yale uliyosema kuwa kweli. Udhibiti ni mpangilio ambao mashine inayatumia. Programu yetu ina mantiki njema, tatizo lipo upande wa udhibiti. Dawa zipo. Ya kale ni kubeba orodha ya miji uliyokwisha kupita na kukataa kuirudia. Ya kisasa zaidi, ambayo mifumo ya kuendeshea Prolog kama XSB na SWI-Prolog inayo, ni kuiagiza mashine itunze jedwali la maswali iliyokwisha kuyaanza na majibu yake, kwa mstari mmoja tu:

:- table njia/2.

Ile 2 inasema njia ina nafasi mbili. Ukiuweka mstari huo juu ya kanuni, mzunguko unakatika. Kuna pia alama ya mshangao, ambayo katika Prolog inaikataza mashine kurudi nyuma kupita hapo. Ina matumizi yake, lakini nawaomba wanaoanza wakae nayo mbali. Inamfanya mtu aanze kuwaza kwa amri badala ya kuwaza kwa ukweli, na programu yake haisomeki tena kama maelezo.

Prolog ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Hawakuwa wanashughulika na hesabu za benki wala mitambo. Colmerauer alitaka mtu aandike sentensi za Kifaransa cha kawaida, aulize swali kwa Kifaransa, na kompyuta ijibu. Lugha hii ililelewa na sarufi, na kwa hiyo inafaa mno kwa lugha zenye sarufi iliyopangika kama za kwetu. Angalieni, mshale ukisomwa "huundwa na":

sentensi --> nomino(Ngeli), kitenzi(Ngeli).
nomino(ki) --> [kiazi].
nomino(vi) --> [viazi].
nomino(u) --> [mti].
nomino(i) --> [miti].
kitenzi(ki) --> [kimeoza].
kitenzi(vi) --> [vimeoza].
kitenzi(u) --> [umeoza].
kitenzi(i) --> [imeoza].

Upatanisho wa kisarufi, ule unaowatesa wanafunzi wa kigeni na kuwapotezea watoto wetu alama, umesemwa wote katika mstari wa kwanza. Kigeu Ngeli kimeandikwa mara mbili, na kigeu kimoja hakiwezi kubeba vitu viwili ndani ya kanuni moja. Ukiipa mashine "viazi vimeoza" inakubali. Ukiipa "viazi kimeoza" inakataa, bila wewe kuandika popote kwamba hilo ni kosa. Na ukiiuliza bila kuipa sentensi, inazitunga yenyewe zote nne zilizo sahihi na haitungi hata moja iliyo mbovu.

Nataka mkae hapa kidogo pamoja nami. Leo tunasikia kila siku habari za akili mnemba zinazoandika barua na kujibu maswali. Zimelishwa maandishi mengi kupindukia, na zinafanya vizuri pale penye maandishi mengi. Kinyakyusa kina maandishi mangapi kwenye intaneti? Kihehe je? Kikinga, Kisafwa, Kibena? Lugha hizi zote zina ngeli, zina upatanisho, zina vitenzi vinavyojengwa kwa utaratibu. Anayezijua vizuri ni bibi aliyekaa Rungwe au Kilolo, na anaweza kukaa na mjukuu wake anayesoma kompyuta wakaandika kanuni moja baada ya nyingine, mjukuu akiitaka mashine itunge sentensi, bibi akisikiliza na kusema hapana, hivyo hatusemi. Kila "hapana" ya bibi inakuwa kanuni mpya au inarekebisha ya zamani. Hamtapata mashine ya kuandika riwaya. Mtapata kikagua tahajia, mtapata zana ya kufundishia watoto, na mtapata sarufi iliyoandikwa ambayo haitazikwa na wanaoijua. Kwangu hilo ni kubwa kuliko programu nyingi ninazoziona zikipewa tuzo.

Niende kwenye sheria, ambako nadhani Prolog ilitoa somo lake kubwa kuliko yote.

Mwaka 1986 kundi la watafiti wa Imperial College, London, wakiwemo Marek Sergot na Kowalski yule yule, walichapisha kazi ya kuiandika Sheria ya Uraia wa Uingereza ya 1981 kama programu ya mantiki. Kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba mtu aliyezaliwa Uingereza baada ya sheria kuanza kutumika ni raia ikiwa, wakati anazaliwa, baba au mama yake alikuwa raia au mkazi wa kudumu. Nikifupisha, kanuni inakuwa hivi:

raia(Mtoto) :-
    amezaliwa(Mtoto, uingereza, Tarehe),
    baada_ya_kuanza(Tarehe),
    mzazi(Mzazi, Mtoto),
    anastahili(Mzazi, Tarehe).

Mwanasheria asiyejua kompyuta anaweza kuusoma mstari huu na kukuambia kama umeielewa sheria. Jaribuni kumpa programu ya Java ya kazi hiyo hiyo. Na kwa kuwa katika Prolog kanuni zenyewe ni data ambayo programu nyingine inaweza kuisoma, kwa mistari michache unaweza kuandika kitu kinachotunza kila kanuni iliyotumika, ili raia anayekataliwa aonyeshwe ni sharti gani halikutimia.

Sheria hiyo ina kifungu kingine, cha mtoto mchanga aliyeokotwa. Kinasema mtoto huyo, isipothibitishwa vinginevyo, atachukuliwa kuwa alizaliwa humo baada ya sheria kuanza, na kwa mzazi anayestahili. Maneno hayo, isipothibitishwa vinginevyo, yanatupeleka kwenye mahali pagumu kuliko pote katika lugha hii.

Prolog haijui neno "si" kama mimi na wewe tunavyolijua. Ukiiuliza jambo na ikashindwa kulithibitisha, inasema si kweli. Keith Clark aliueleza utaratibu huu kwa nadharia mwaka 1978: kukanusha ni kushindwa kuthibitisha. Ndani ya programu unaandikwa kwa alama \+. Kwa orodha ya vituo vya reli hakuna shida. Kama TAZARA haina kituo Tukuyu kwenye orodha iliyokamilika, basi haina. Kwa mtoto aliyeokotwa pia hakuna shida, kwa sababu sheria yenyewe imeamua kwamba kutokujua kumsaidie mtoto.

Sasa njooni kijijini. Kijana mwerevu anaajiriwa kutengeneza mfumo wa ardhi, anaandika:

mmiliki(Mtu, Shamba) :- hati(Mtu, Shamba).
mvamizi(Mtu, Shamba) :- analima(Mtu, Shamba), \+ mmiliki(Mtu, Shamba).

Inasomeka vizuri. Inafanya kazi. Na kwa programu hii kila mama anayelima shamba alilopewa na ukoo, ambaye hajapata hati, ni mvamizi. Hakuna aliyesema hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua hakimiliki ya kimila hata kwa mtu asiye na karatasi mkononi. Mashine imechukua ukimya wa daftari ikaugeuza kuwa hukumu.

Msinielewe kwamba hilo ni kosa la Prolog peke yake. Kanzidata za kawaida zinafanya vivyo hivyo kila siku: jina halipo, huduma hupati. Tofauti ni kwamba hapa kosa limesimama wazi katika mstari mmoja, na mwenyekiti wa kijiji akisomewa "mvamizi ni anayelima bila kuwa mmiliki, na mmiliki ni mwenye hati", atanyoosha mkono hapo hapo. Marekebisho nayo yanasomeka. Kwanza unaongeza kanuni ya pili ya umiliki, ile ya kimila. Pili, neno zito kama mvamizi unalidai ushahidi wake:

mvamizi(Mtu, Shamba) :- analima(Mtu, Shamba), imeamuliwa(si_wake, Mtu, Shamba).

Yaani kuna uamuzi wa chombo chenye mamlaka kwamba shamba si lake. Wale wote waliobaki katikati, wasio na hati wala uamuzi, programu iwaite kwa jina lao halisi: haijulikani. Kila mnapotaka kuandika alama ile ya kukanusha, jiulizeni kutokujua kwa mashine kutamwangukia nani. Na jambo la kiufundi kwa wale walioshika kalamu: wekeni ukanushaji nyuma ya masharti yanayojaza vigeu. Mkiweka \+ mmiliki(Mtu, Shamba) mwanzoni, kisha mkauliza bila kutaja mtu wala shamba, mashine itasikia swali "je, kuna yeyote anayemiliki shamba lolote?", itamkuta mmoja, na kanuni nzima itaanguka kwa kila mtu.

Kwa walimu wa taaluma mnaopanga ratiba za vipindi, niguse hili kwa haraka. Tangu mwaka 1987 Joxan Jaffar na Jean-Louis Lassez walipoweka msingi wa programu za mantiki zenye masharti ya namba, imewezekana kuandika tu kwamba mwalimu mmoja hawezi kuwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, kwamba maabara ni moja, kwamba hisabati isiwe kipindi cha mwisho, na kuiachia mashine itafute ratiba inayokubali yote. SWI-Prolog inayo maktaba ya kazi hiyo tayari.

Mtauliza, kama ni nzuri hivi, mbona haikutawala? Mwaka 1982 Japani ilianza mradi mkubwa wa kitaifa wa kompyuta za kizazi cha tano, ukiegemea programu za mantiki, na matumaini yaliyotangazwa yalikuwa makubwa kuliko mashine za wakati ule zilivyoweza kuyabeba. Kompyuta za kawaida zikapanda kasi na kushuka bei, mradi ukamalizika miaka ya 1990 bila kuibadili dunia, na wengi wakahesabu kwamba na lugha imekufa pamoja nao. Haikufa. Ilipata kiwango chake cha kimataifa mwaka 1995. Erlang, lugha inayoendesha mitambo ya simu, iliandikwa kwa mara ya kwanza juu ya Prolog. Watson, ile mashine ya IBM iliyowashinda mabingwa wa chemshabongo ya televisheni Marekani mwaka 2011, iliitumia Prolog kuchambua muundo wa maswali. SWI-Prolog, iliyoanzwa na Jan Wielemaker huko Uholanzi mwaka 1987, inapatikana bure, inaendeshwa na kompyuta ya kawaida kabisa, na kuna toleo la kutumia ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza pale mlangoni kama Prolog itampa kazi. Nimjibu mbele ya wote, maana swali ni la haki. Matangazo ya kazi yenye jina hilo ni machache, na Python itakulisha mapema zaidi. Lakini mtu aliyejifunza kutenganisha lililo kweli na namna ya kulitafuta anaandika Python iliyo bora, na anaandika maswali ya kanzidata akijua anachouliza. Na kazi nilizozitaja leo hazina tangazo kwa sababu bado hakuna aliyezianza.

Kwa hiyo kabla hatujaenda kula, nigawe kazi. Kila kundi likirudi nyumbani liombe kwa mtendaji wa kijiji au kata nakala ya sheria ndogo moja, ya mifugo, ya vyanzo vya maji au ya moto wa mashambani, liiandike kwa Prolog, kisha limrudie mtendaji na kumsomea kanuni kwa sauti, nukta mbili na kistari ikisomwa "ikiwa". Mahali atakapokunja uso, wekeni alama. Tutakapokutana tena nitaanza na alama hizo.